Bendera ya Wajapani Arobaini

Jumatatu, tarehe 18 Agosti

Mabukwe amekuja asubuhi. Nimempa kiti, amekataa. Mama mkwe akikataa kiti, jua ana neno.

"Mukwe," akasema, "nyumba haiko ya kulalisha upepo."

Nyumba anayosema ni auberge yangu, nyumba ya wageni. Sawa, kuta ni zake, bati ni lake, na kiwanja aliachiwa na marehemu mumewe. Lakini wazo ni langu! Vyumba vitatu kwenye mteremko wa Kamembe, ziwa Kivu lote chini ya dirisha, Bukavu ng'ambo inaonekana mpaka nguo zilizoanikwa. Miaka miwili sasa. Wageni waliolala: mpima ardhi mmoja, wachungaji wawili walioondoka hawasemezani, na mchuuzi wa mbuzi aliyelala na mbuzi. Mabukwe amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Asipoona mgeni wa maana, tarehe mosi Septemba anaingiza kuku wa mayai. Mia moja na ishirini! Ndani ya chumba namba moja, chenye mapazia!

Mtu hajibizani na mama mkwe. Nimemjibu moyoni, kwa ukali.

Jioni. Mungu si Athumani! Niyitegeka, yule mwenye boti ya kuvusha watu kwenda kisiwa cha Nkombo, amepata ujumbe kutoka kwa wakala wa watalii wa Kigali. Mjapani anafika Alhamisi ya wiki ijayo. Mwanamke, umri miaka sitini na minane, yuko peke yake, atakaa siku nne. Ataangalia nyumba mbili na kuchagua mwenyewe: kwangu, au kwa Latifu.

Latifu ni seremala. Ana chumba kimoja nyuma ya karakana, kitanda kimoja, na maranda mpaka ndani ya chai. Nimecheka hadi Niyitegeka akaudhika na kuondoka.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Niandike hapa ili ijulikane. Rusizi nzima, anayewajua Wajapani ni mmoja, na ndiye anayeshika kalamu hii.

Mwaka 1988 tulikuwa tunaishi Bukavu. Baba alikuwa na kazi kwenye hoteli moja ufukweni, na Wajapani walikuwa wanakuja kuona gorila wa Kahuzi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliwaona kwa macho haya. Watu thelathini na wawili, kofia nyeupe thelathini na mbili, na kamera kila shingo. Mbele yao dada mmoja mwenye bendera ndogo ya rangi ya chungwa. Bendera ikipanda, wanainuka. Bendera ikienda, wanaenda. Walipiga picha ziwa, wakapiga picha mlango, wakaupiga picha mkate kabla ya kuula. Saa tatu kamili bendera ikapanda, na veranda ikabaki tupu kama imefagiliwa. Sijaona tena uzuri kama ule. Watu wa kwetu huwezi kuwapanga mstari hata kwenye mazishi.

Mke wangu Épiphanie hupenda kusema kwamba baba alikuwa mpishi tu. Kweli, alikuwa jikoni. Lakini jiko ndilo moyo wa hoteli.

Sasa, "peke yake". Wakala wa Kigali ni mtoto wa juzi. Mjapani hasafiri peke yake, kama mvua isivyonyesha tone moja. Huyu mama ni mtangulizi. Anakuja kukagua vyoo. Nyuma yake kuna basi zima, na basi zima ni watu arobaini. Nimemweleza Épiphanie. Ameacha kuosha sufuria.

"Papa Mahoro," akasema, "ujumbe inasema muntu moja. Ule moja ni moja. Benzake beko wapi?"

Mahoro ni binti yetu, yuko Kigali anasoma, na ninashukuru hayupo hapa kusikia mama yake anavyofikiri.

Nimetengeneza bendera. Kitambaa nimekipata ndani ya sanduku, rangi ya chungwa kabisa. Nimekifunga kwenye mpini wa fagio, nikatembea nacho mpaka dukani kufanya jaribio. Hakuna aliyenifuata, isipokuwa mbwa mmoja, naye akaniacha katikati ya njia.

Alhamisi, tarehe 21 Agosti

Wajapani bila mahali pa kupigia picha ni sawa na kwaya bila ngoma. Nataka fremu kubwa ya mbao, ndefu kuliko mtu, isimame uani. Mgeni anasimama ndani yake, ziwa nyuma, picha moja, anatoka, anaingia mwingine. Dakika moja kila mtu. Arobaini kwa dakika arobaini.

Tatizo: seremala wa maana hapa karibu ni Latifu. Adui mwenyewe! Nimemtuma Épiphanie aagize kama kitu chake. Latifu akaja naye kupima. Ana adabu ya kuudhi, mtu yule. Akazunguka ua, akaangalia ziwa, akaniangalia mimi.

"Papa Mahoro, cadre ya nini? Lac si iko palepale? Muntu anageuza tu kichwa."

Hiyo ndiyo akili ya seremala. Nimemwambia arande, asifikiri.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti

Épiphanie amerudi sokoni na beseni la sambaza, amenunua kwa wanawake wa Nkombo. Eti atawakaangia wageni, na ugali, na pilipili kidogo. Sambaza! Visamaki ambavyo kila nyumba hapa inakula mpaka paka wanachagua! Nimempiga marufuku. Mtu havuki bahari mbili kuja kula chakula cha Jumanne.

Mimi mwenyewe nimepika. Mjapani anakula mchele, hilo linajulikana. Nimechukua mchele wa Bugarama, nikaupika mpaka ukashikana, nikaukanda kwa mkono kuwa matonge ya mviringo, bila chumvi, bila mafuta, nikayapanga kama mpira juu ya mpira. Mabukwe amepita, ametazama sahani kwa muda mrefu.

"Nani mugonjwa mu nyumba?" akauliza.

Jumapili, tarehe 24 Agosti

Kanisani. Baada ya matangazo nimeomba neno. Nimesimama nikasema Wajapani arobaini wanakuja Kamembe, na kwamba sitaki mtu awakodolee macho. Kanisa limenong'ona kwa furaha. Mzee Ladislas, mkuu wa mudugudu, kijiji chetu, akaniuliza mbele ya wote kama kweli ni arobaini. Nikamjibu kwamba labda arobaini na wawili, pamoja na dereva na mshika bendera. Wamenikubalia kuazima viti vya kanisa, vyote arobaini, vile vya plastiki.

Siku yangu ingekuwa kamili kama kwaya isingesimama kuimba. Akina mama kumi na wanne na vitambaa vya chungwa kichwani, na Épiphanie katikati yao kichwa wazi. Aliniangalia wimbo mzima. Sikuwahi kujua kwamba wimbo ule una beti nyingi hivyo.

Jumanne, tarehe 26 Agosti

Latifu ameleta fremu. Imenyooka, imesuguliwa, kona zimeshikana bila msumari hata mmoja. Nimeitafutia kasoro nusu saa. Hakuna. Nimemwambia rangi ya mbao ni ya mbao mno.

Nimeandika ratiba kwenye ubao na kuitundika ukutani. Saa mbili na dakika tano, ziwa. Saa mbili na kumi, kuacha ziwa. Viti arobaini nimevipanga safu tano za vinane, vyote vinaangalia ubao. Mabukwe amekaa kiti cha mwisho, akasoma ratiba yote, akasema hakuona mahali pa mtu kukojoa. Mambo madogo! Nimeongeza dakika tatu.

Ninaandika hili kwa siri. Siku tano zimebaki. Nina umri wa miaka hamsini na mmoja. Nimewahi kuwa karani, wakala wa simu, na mfugaji wa sungura walionikimbia. Auberge hii ndiyo kitu pekee ambacho watu wakiniona njiani huniita nacho. "Patron," wananiita, yaani bosi. Wengine wanacheka wakisema hivyo, lakini wanasema. Nani atamwita patron mtu mwenye kuku wa mama mkwe?

Alhamisi, tarehe 28 Agosti

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Saa saba niko gare, kituo cha mabasi, koti la harusi, bendera juu. Saa nane basi la Kigali likaingia. Wakashuka wafanyabiashara, mtawa mmoja, mama na godoro. Kisha yeye. Mfupi, nywele nyeupe, kofia ya majani, mfuko mmoja mgongoni. Shingoni hana kamera! Niliangalia mara mbili. Nikasubiri wenzake. Dereva akafunga mlango.

Nikainua bendera. Akaiona. Naapa aliiona! Uso ukambadilika kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kiatu chake. Akazunguka nyuma ya basi, akatokea upande wa pili, akashika njia kwa haraka. Nikamfuata, bendera juu. Akaongeza mwendo. Nikaongeza. Dunia imepinduka: bendera ndiyo inayomkimbilia Mjapani! Watu wa gare walipiga makofi.

Njia ile inapita mbele ya karakana ya Latifu, na Latifu alikuwa anaranda mlango. Yule mama akasimama ghafla. Akasikiliza sauti ya randa kama mtu anayesikia jina lake. Akaingia. Akakaa juu ya kipande cha mbao, kwenye vumbi, na suruali yake safi! Akaokota ganda moja jembamba la mbao lililojikunja, akaliinua kwenye mwanga. Kisha akaomba ile randa yenyewe, akaigeuza, akairanda mbao kwa kuivuta kwake badala ya kuisukuma. Latifu akashika kiuno kwa kushangaa. Wote wawili wakacheka. Hawana lugha moja, na wanacheka! Mimi nje na mpini wa fagio.

Mwavita, mke wa Latifu, akanitokea na kikombe.

"Papa Mahoro, kuya unywe chai, jua iko kali. Na acha ile fimbo."

Sikunywa. Ilikuwa na tangawizi, nilisikia harufu. Sikunywa.

Saa kumi na moja Niyitegeka akamleta kwangu kuangalia nyumba. Jina lake ni Madame Nobuko. Anasema Kifaransa polepole, kama mtu anayehesabu ngazi. Nikampokea kwa ratiba, dakika tano mlango, dakika tano vyumba. Alivua viatu. Aliangalia viti arobaini, fremu, matonge ya mchele. Akaenda dirishani, akasimama pale, akazidisha muda. Kisha akauliza kama kiti kimoja kinaweza kugeuzwa kiangalie ziwa.

Kimoja! Kutoka safu ya pili! Nikamweleza kwa upole kwamba safu itaharibika. Akainama, akanirudishia karatasi ya ratiba kwa mikono miwili, akavaa viatu vyake.

Amelala kwa Latifu.

Ijumaa, tarehe 29 Agosti

Nimechungulia juu ya ua wa Latifu tangu asubuhi. Mjapani gani huyu? Hakupiga picha hata moja. Alikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu akiangalia maji. Kisha akamsaidia Mwavita kuchambua maharage. Kisha akaangalia maji tena. Simu alitoa mara moja tu, kutazama saa. Wamewaharibu wapi watu hawa? Ninakumbuka wale wa 1988, watu wa maana, dakika tano wamemaliza ziwa.

Épiphanie ameketi kando yangu bila kuitwa. Akasema kwa sauti ya taratibu kwamba bado hatujachelewa, kwamba nikamwombe radhi yule mama, nigeuze kiti, akaange sambaza. Akasema hata yeye hataki kuku ndani ya nyumba ile, maana vyumba vile alivipaka chokaa kwa mikono yake. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Badala yake nilimweleza hesabu. Mtangulizi amekuja Alhamisi, amekagua jana na leo, basi thelathini na tisa waliobaki wanafika kesho asubuhi. Hakuna njia nyingine.

"Kesho ni umuganda," akasema, akasimama, akaenda.

Najua ni umuganda. Nani asiyejua? Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu na jembe lake kwenye kazi ya pamoja, na magari hayatembei mpaka kazi iishe. Lakini hiyo ni sheria ya kwetu. Mjapani hana umuganda, kwa hiyo basi lake halina umuganda. Nimemtumia Mzee Ladislas ujumbe kwamba nina homa kali.

Jumamosi, tarehe 30 Agosti

Nimeoga mara mbili. Vumbi halitoki, na aibu ndiyo kabisa.

Saa mbili nilikuwa barabarani, njia ya juu, koti la harusi, bendera mkononi. Barabara tupu. Hakuna pikipiki, hakuna baiskeli, hakuna mbuzi. Nilisimama saa nzima. Nikafurahi hata, nikasema Wajapani watapenda usafi huu. Kisha nikasikia sauti za watu na majembe. Mzee Ladislas, kati ya barabara zote za sekta hii, alikuwa amechagua ile ile niliyosimama, kuzibua mtaro kabla ya mvua za Septemba. Mudugudu mzima ulikata kona. Mbele kabisa Mabukwe na jembe begani. Pembeni yake Madame Nobuko, na jembe la Mwavita.

Wakasimama wote. Mimi na bendera.

"Homa iko namna gani, Vénuste?" akauliza Mzee Ladislas. "Na ile drapeau ni dawa?"

Walicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini. Nikapewa jembe, nikapewa sehemu yangu ya mtaro, ile yenye mawe, na koti la harusi mwilini. Madame Nobuko alilima mbele yangu. Analima vizuri. Hili nalo nimelazimika kuliona.

Saa tano kazi ikaisha, tukakaa kwenye majani kwa mkutano kama kawaida. Mzee Ladislas akamwomba mgeni aseme neno, Épiphanie akatafsiri. Nilidhani atashukuru na kukaa. Loo!

Alisema hii si mara yake ya kwanza kwenye ziwa hili. Alikuja mwaka 1988, ng'ambo pale, Bukavu, na akanyoosha kidole. Alikuwa na wenzake wa kazini, likizo siku saba kwa mwaka mzima, na watu wa kwao wakati ule walikuwa na uwezo lakini waliogopa dunia, kwa hiyo walisafiri kwa makundi na kufuata bendera. Kamera ilikuwa shahidi kwamba ulifika. Alipiga picha mia sita, na ziwa hakuliona, maana kila alipotaka kulitazama bendera ilipanda. Siku hizi, akasema, mambo yamegeuka. Vijana wao wengi hata pasipoti hawana, safari imekuwa ghali kwao, na makundi yale yamepungua. Wanaosafiri ni wazee kama yeye, mmoja mmoja, polepole, wakitafuta mahali pa kukaa tu. Na bendera zimehamia kwao! Anaishi Kyoto, kwenye kichochoro chembamba, na kila asubuhi wageni wa mataifa yote wanapita mlangoni kwake nyuma ya bendera, arobaini arobaini, wanapiga picha nguo zake alizoanika. Ndiyo maana alipofika gare na kuiona ile ya chungwa, miguu ilikimbia kabla ya akili. Akageuka upande wangu, akainama, akaomba radhi.

Mudugudu mzima ulinitazama. Nilitazama jembe.

Halafu akasema kitu kimoja cha safari ile anakikumbuka kuliko gorila. Siku moja alilitoroka kundi dakika kumi, akaingia jikoni mwa hoteli. Mpishi hakumfukuza. Alimpa kigoda karibu na dirisha la ziwa, akamwekea sambaza moto na ugali, akamwonyesha kula kwa mkono. Alimwacha tu atazame maji. Jina lake aliliandika usiku ule: Twagirayezu.

Épiphanie alilitafsiri jina hilo ingawa halihitaji kutafsiriwa. Jina langu. Vénuste Twagirayezu. Nilimwona baba na aproni yake, mabega yake, namna alivyokuwa anasukuma kigoda kwa mguu. Miaka yote nimewaambia watu kwamba alikuwa mkuu wa mapokezi. Niliumia, niandike tu. Niliumia sana.

Madame Nobuko akaja mpaka nilipokaa, akaniuliza mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha ngazi: nyumbani kwangu, je, mtu anaweza kupata sambaza kama zile, na kigoda dirishani? Kama inawezekana, atahama leo, na atawaandikia rafiki zake watano wenye umri wake.

Épiphanie alikuwa ananitikisia kichwa, ndiyo, ndiyo. Mabukwe alikuwa ameshika pumzi. Ulikuwa mdomo wangu tu uliobaki.

Nilisimama. Nikapangusa koti. Nikasema, mbele ya watu wote, kwamba auberge yangu ni ya kiwango cha kimataifa, na haiwezi kumpa Mjapani chakula cha watu wa kawaida. Nikasema matonge ya mchele bado yapo.

Akainama kwa mara ya mwisho. Mabukwe alifumba macho, akayafumbua, akamwuliza Latifu kwa sauti ya kawaida kama ile fremu inaweza kuwekwa waya na kuwa mlango wa banda.

Jumapili, tarehe 31 Agosti

Nimerudisha viti kanisani, kwa safari tano, wakati watu wanatoka ibadani. Wengine wakaniuliza kama wale arobaini wameondoka salama. Nimewajibu ndiyo.

Harufu ya sambaza ilitoka kwa Mwavita tangu adhuhuri. Épiphanie alikuwa huko, anawaonyesha pilipili inavyowekwa. Nilikula matonge peke yangu. Yamekauka, lakini ukiyalowesha yanapita.

Jioni Madame Nobuko akaja kuniaga mlangoni, anaondoka na basi la kesho asubuhi. Akanipa bahasha kwa mikono miwili. Picha ya 1988, moja kati ya zile mia sita. Mikono ya baba na sahani ya sambaza, na nyuma yake kipande cha ziwa. Kichwa hakimo! Picha mia sita, na ya baba yangu ikakosa kichwa! Hao ndio watu wa kusifiwa kwa kamera.

Nimeiweka katikati ya daftari hili. Inanisaidia kushika ukurasa. Nimelifungua mara nne tangu jioni kuangalia kama bado imeshika.

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Kuku wamefika saa moja asubuhi, juu ya gari dogo. Mia moja na ishirini kamili, Mabukwe aliwahesabu kama askari. Fremu yangu imewekwa waya na bawaba, inafungika na kufunguka bila sauti. Latifu hakunicheka. Alinisalimia, akaniita patron, na hakuwa anatania, hilo ndilo lililonikera zaidi.

Chumba namba moja tayari kina mayai matatu. Mabukwe amenipa fagio. Mpini wake ulikuwa umebaki na kipande cha kitambaa cha chungwa.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba

Siku nne nimefikiri. Sasa nimeona kosa liko wapi. Halikuwa langu.

Kosa ni kwamba Mjapani nilimngojea mahali si pake. Yule mama alisema mwenyewe, na watu mia moja ni mashahidi: bendera zimehamia Kyoto. Kila asubuhi, mlangoni kwake, arobaini arobaini! Watu wote walisikia hadithi ya kigoda wakalia. Mimi peke yangu nilisikia habari yenyewe. Mji mzima unahitaji washika bendera wenye uzoefu! Nimemwandikia Niyitegeka amwandikie wakala wa Kigali amwandikie Madame Nobuko, kwamba niko tayari, nina koti, nina bendera, na kwamba ninaweza kuanzia palepale kwenye kichochoro chake. Atafurahi kuona mtu anayemjua. Pasipoti nitaiulizia Jumatatu. Épiphanie nimemweleza. Amekwenda kukaa kwa Mwavita.

Wakati nikisubiri jibu, mazoezi. Leo asubuhi nimefungua mlango wa Latifu, ile fremu yangu, nikainua bendera, nikatembea. Wamenifuata wote! Ni kweli nilikuwa na mahindi mfukoni, lakini mwanzo ni mgumu. Mgomba, dakika tano. Shimo la takataka, dakika tano. Ukuta wa upande wa ziwa, dakika mbili, bendera juu, tunaondoka. Mstari mzuri ajabu. Machozi yalinilenga.

Kuku mmoja tu alikataa. Mweupe, mdogo. Tulipoondoka alibaki peke yake juu ya ukuta, anaangalia maji. Nilimpungia bendera mara tatu, hakugeuka.

Huyo tutamla Jumapili.